Usinipite: Amri na Faraja katika Kiswahili cha Nyimbo za Ibada

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, huwa tunawaomba wanafunzi wanaoanza Kiswahili katika idara yetu hapa Uganda waandike kwenye karatasi maneno ya Kiswahili waliyoyajua kabla ya kuingia darasani. Zoezi hili halina alama. Linatusaidia tu kujua tuanzie wapi. Ukiondoa maneno ya sokoni kama vile pesa na bei gani, tumeona kwamba karatasi hizo hubeba makundi mawili ya maneno yasiyofanana hata kidogo. Kundi la kwanza ni simama, toka, lala chini, leta, panda gari. Kundi la pili ni Bwana asifiwe, neema, rehema, nisaidie, usiniache, usinipite.

Kundi la kwanza halihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyekulia nchi hii. Kiswahili kilikuwa lugha ya kikosi cha King's African Rifles wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru wa 1962 kikabaki kuwa lugha ya jeshi na polisi. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, tangazo hilo lilikitia doa zaidi kuliko lilivyokisaidia, kwa sababu watu wengi walikuwa wakikisikia kwenye vizuizi vya barabarani kutoka kwa wenye bunduki. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja msako wa kukamata raia mjini Kampala na viungani mwake, ambao mpaka leo wazee wanauita kwa amri iliyotolewa wakati ule: panda gari. Si lugha nyingi duniani ambazo sentensi yake fupi ya kuamuru imegeuka kuwa jina la msiba.

Kundi la pili limetoka kanisani. Katika makala haya tunakusudia kulihakiki kundi hili la pili, yaani Kiswahili cha nyimbo za Kikristo za kuabudu, na hasa namna kinavyompa faraja mwimbaji anayetafuta pendo la Mungu. Lakini tunadai kwamba kwa msikilizaji wa Uganda kundi hili halieleweki vizuri mpaka liwekwe kando ya lile la kwanza.

Wazo hili hatukulipata vitabuni. Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili, ambaye ameturuhusu tusimulie bila kutaja jina lake, alitueleza kwamba jjajja yake wa Jinja hataki Kiswahili kizungumzwe nyumbani kwake. Kaka yake alipakiwa kwenye lori Kampala wakati wa panda gari na hakurudi. Mjukuu alipomwambia kwamba anasoma Kiswahili chuoni, bibi alinyamaza, kisha akauliza kama hakukuwa na somo lingine. Hata hivyo bibi huyo huyo, anapomenya matooke jioni, huimba "Usinipite Mwokozi" kwa Kiswahili, ubeti baada ya ubeti. Aliujifunza ujanani kwa sababu kanisa lao lilikuwa la wafanyakazi waliotoka kila upande, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Mjukuu alipomkumbusha kwamba hicho nacho ni Kiswahili, bibi alijibu kuwa hapana, huo ni wimbo.

Tulicheka darasani, lakini baadaye tukaona kwamba jibu lile lilikuwa na uhakiki ndani yake. Bibi anasikia lugha mbili mahali ambapo sisi walimu tunafundisha moja. Je, anasikia nini hasa?

Tuanze na neno lenyewe. Wimbo huu ulitungwa kwa Kiingereza mwaka 1868 na Fanny Crosby, Mmarekani aliyekuwa kipofu tangu uchanga, na katika Kiswahili unaimbwa na Waprotestanti wengi wa Afrika Mashariki kutoka kitabu cha Tenzi za Rohoni. Mfasiri alilazimika kutafuta namna ya kusema jambo ambalo Kiingereza kinalisema kwa maneno matatu. Kiswahili kilimpa neno moja. U- ni wewe, Mungu. -si- ni katazo. -ni- ni mimi. -pit- ni mzizi, na -e ya mwisho ndiyo inayolegeza amri iwe ombi. Mungu yupo mwanzoni, mwimbaji yupo katikati, na tendo linawafunga pamoja. Huwezi kulitamka neno hili bila kumtaja Mungu na kujitaja mwenyewe kwa pumzi moja.

Sasa linganisha na kizuizi cha barabarani. Pale neno "pita" lilikuwa neno zuri kuliko yote. Askari akikwambia "pita", umepona siku hiyo. Aliyekaa ndani ya matatu huku ameinamisha kichwa alikuwa akiomba moyoni kwamba mwenye bunduki ampite, asimwone, aende kwa mwingine. Kanisani mtu yule yule anasimama na kuomba kinyume chake: usinipite. Kitenzi ni kile kile. Mkubwa mmoja unaomba akupite, mwingine unaomba asikupite. Hatujui ufafanuzi wa pendo la Mungu ulio wazi kuliko huu katika nyimbo zote za ibada tunazozifahamu, na mfasiri hakuukusudia. Ni historia yetu iliyoutia humo.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Bartimayo, kipofu wa Yeriko katika Injili ya Marko sura ya 10, aliyeketi kando ya barabara na kupaza sauti Yesu alipokuwa akipita. Watu walimkemea anyamaze. Barabara, kelele, wakubwa wanaopita na mnyonge anayeambiwa afunge mdomo: picha hii haikuwa ngeni kwa jjajja wa Jinja.

Hapa inafaa tugusie sarufi, kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni walimu. Amri za kizuizini ni vitenzi vitupu: simama, shuka, toka, lala. (Askari walisema pia "leta", ingawa vitabu vingi vya sarufi vinataka "lete". Hapana mwalimu aliyewasahihisha.) Katika amri hizo mtendaji ni wewe unayeamriwa, na anayeamuru hajitaji popote. Hayumo ndani ya neno. Amesimama nje yake na silaha. Amri za nyimbo za ibada ni za aina nyingine: nishike, nitazame, nisaidie, nifiche, usiniache. Anayeamuru yumo ndani ya neno, tena kama mtendwa. Amejiweka mikononi mwa yule anayemwamuru. Na kwa sababu kiambishi cha mtendwa kimeingia, irabu ya mwisho inabadilika kutoka -a kuwa -e. Mwanafunzi anayesema "nisaidia" amekosea sarufi, na kosa hili ni la kawaida sana kwa wasemaji wa Luganda, kwani kwao "nnyamba" na "mpa" huishia na -a bila tatizo.

Mwenzetu mmoja idarani alipinga tulipomweleza hoja hii. Alisema kila lugha humwomba Mungu kwa hali ya kuamuru, hivyo hakuna cha ajabu. Ni kweli. Lakini ni nani mwingine anayezungumza namna hiyo kila siku, bila tafadhali na bila kuogopa? Ni mtoto mdogo. Nibebe. Nipe. Usiondoke. Mtoto hamwamuru mpita njia. Humwamuru mama, kwa kuwa anajua hatapigwa kwa kumwamuru. Mtu aliyeamriwa wiki nzima na polisi, na mwenye nyumba, na karani wa ofisini, anafika Jumapili na kumpa Mungu amri tano au sita katika ubeti mmoja, na anaketi akiwa salama. Tunaona kwamba faraja ya nyimbo hizi imekaa hapo zaidi kuliko katika neno "faraja" lenyewe, ambalo hutajwa humo mara chache.

Kuna jambo jingine ambalo kwa miaka mingi tumewaambia wanafunzi wetu kuwa ni kasoro, na sasa tunaona haya kidogo. Inajulikana kwamba mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Inajulikana pia kwamba tuni za kigeni hazijali sheria hiyo. Tuni ya wimbo huu, iliyotungwa na William Doane, hutia uzito kwenye silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Hesabu kwa vidole: u-si-ni-pi-te. Katika usemi wa kawaida mkazo ungekuwa kwenye "pi". Tuni inauondoa hapo na kuuweka kwenye "ni" na kwenye "te". Kwenye "te" ni kosa tu, na hatuna la kulitetea. Lakini kwenye "ni"! Silabi inayobeba nafsi ya mwimbaji, ambayo katika mazungumzo humezwa haraka kiasi kwamba mgeni haisikii, inainuliwa na muziki na kushikiliwa. Kanisa zima linakazia "mimi", kila mmoja wake. Hatusemi kwamba Doane alijua Kiswahili. Tunasema kwamba mhakiki asiharakishe kufuta kosa kabla hajalisikiliza likiimbwa na watu mia mbili.

Baada ya kusema hayo kuhusu tenzi za zamani, haki inatutaka tuseme jambo kuhusu nyimbo mpya za kuabudu zinazoingia Uganda kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, na ambazo vijana wetu wanazijua kuliko tunavyozijua sisi. Tunazipenda. Zinachezeka, zinakaa akilini, na pengine zimefundisha Kiswahili watu wengi kuliko kozi yetu ya msingi. Lakini nyingi tulizozisikiliza zimejengwa kwa sifa zilizopangwa moja baada ya nyingine: wewe ni mfalme, wewe ni simba, wewe ni mwamba, wewe ni mwanzo na mwisho. Mwanafunzi makini ataona kwamba nazo zimejaa "ni", lakini si "ni" ile. Hii ni "ni" ya kitenzi kishirikishi, inayounganisha jina na sifa. Ile ya tenzi ni kiambishi cha mtu. Katika pambio la dakika saba Mungu anaweza kupewa majina ishirini na mwimbaji asitajwe hata mara moja, wala pasitokee tendo lolote kati yao. Ni sherehe nzuri ambayo mwenye shida anaitazama akiwa dirishani.

Kijana mmoja wa darasa lile alitujibu kwamba sisi wazee tunapenda kulia, na kwamba mtu mwenye huzuni anahitaji kusahau shida zake, si kukumbushwa. Hoja yake ina uzito, nasi hatutaki kuigeuza hukumu ya wazee dhidi ya vijana. Tunamwomba tu asome Zaburi ya 13, yenye aya sita, aone inapoanzia. Inaanza kwa malalamiko dhidi ya Mungu mwenyewe, na inafika kwenye wimbo mwishoni kabisa. Aliyeitunga hakuruka hatua. Wimbo unaoanza moja kwa moja na ushindi unamfaa aliyeshinda. Aliyefiwa jana anauimba kwa mdomo tu, na tumewahi kuwa hivyo, tukisimama kwenye mkesha huku kinanda kikipigwa kwa nguvu na maneno yakitupita. Naam, yakitupita.

Miongoni mwa nyimbo zilizo karibu nasi kwa wakati, tungependa kuutaja mmoja unaokwepa kasoro hiyo, nao ni "Kwetu Pazuri" wa kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali. Wimbo huu unahusu makao ya mbinguni. Kwaya yenyewe ni ya Rwanda, nchi ambayo neno "kwetu" lilibeba maumivu makubwa baada ya 1994, na mwaka 2011 iliwapoteza baadhi ya waimbaji wake katika ajali ya barabarani nchini Tanzania. Mwalimu mkali atapiga mstari mwekundu chini ya jina la wimbo. "Kwetu" ni ya ku-, kwa hiyo angetaka "kuzuri". "Pazuri" ni ya pa-. Wazungumzaji huchanganya ngeli hizi za mahali kila siku, nasi tumewahi kuondoa alama kwa ajili ya hilo. Lakini tukumbuke tunavyozifundisha: ku- ni mahali pasipo dhahiri, huko, upande fulani, pa- ni mahali dhahiri, hapa, panapoonekana. Anayeimba hajui kwao ni upande gani, ila uzuri wake tayari anauona kama mtu aliyesimama mlangoni. Tukimsahihisha aseme "kwetu kuzuri", tutakuwa tumempa sarufi na kumnyang'anya mlango.

Ni ajabu kwamba mambo haya yote yanakuja kwetu kupitia makanisa. Makanisa ya Uganda hayakuwa marafiki wa Kiswahili. Askofu Alfred Tucker wa CMS alikikataa kwa hoja kwamba kilikuwa karibu mno na Uislamu, na Luganda ndiyo ikapewa Biblia na vitabu vya nyimbo. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa naye aliandika kupinga Kiswahili kufanywa lugha rasmi ya nchi yake. Basi lugha iliyozuiwa mlango wa mbele iliingia kwa mlango wa kwaya.

Na Luganda nayo ilitoka kwa mlango huo huo. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanza miaka ya 1930 Gahini nchini Rwanda na hapa Uganda ulisambaza wimbo wa "Tukutendereza Yesu" hadi Kenya na Tanzania. Beti zake zilitafsiriwa. Kiitikio kilibaki Luganda. Mpaka leo wazee wa Dodoma au Nyeri huimba kiitikio hicho bila kujua Luganda zaidi ya hapo. Tunapenda kuwaonyesha wanafunzi wetu mwanzo wa neno hilo, tu-ku-, kwa maana ni viambishi vile vile vya "tunakusifu": sisi tunatangulia, wewe unafuata. Mwanafunzi Mganda anayelalamika kwamba viambishi vya Kiswahili vinamchanganya amekuwa akiviimba tangu utotoni.

Darasani tumekuwa waangalifu. Baadhi ya wanafunzi wetu ni Waislamu, na wengine hawana dini wanayoitaja. Hatufundishi wimbo ili mtu aamini. Tulipoifikia hali ya kuamuru, tuliwaomba wote walete maombi wanayoyajua, na wenzetu Waislamu walileta dua zenye "tusamehe" na "uturehemu", zikakaa ubaoni pamoja na zile za tenzi bila ugomvi wowote. Kilichotushangaza ni kwamba hakuna aliyesema "nisaidia" wiki ile. Tungependa kusikia kutoka kwa walimu wa shule za sekondari kama wamejaribu jambo kama hili, hasa kwa kuwa tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, watoto wengi watakileta nyumbani kwenye masikio ya wazee wanaokumbuka panda gari. Silabasi inaweza kumwambia mtoto kwamba Kiswahili ni lugha ya biashara na ya Jumuiya. Haitamwambia la kumjibu jjajja.

Yule mwanafunzi wa Jinja alirudi kutoka likizo akiwa na habari. Alikuwa ameketi jikoni akisaidia kumenya, bibi akaanza wimbo wake, naye akajiunga. Walipofika ubeti ambao hakuukumbuka vizuri, alibahatisha maneno, akatia "nisaidia" yake. Bibi alisimama na kisu mkononi.

"Muzukulu," alimwambia kwa Luganda, "si nisaidia. Ni nisaidie. Huko chuoni wanawafundisha nini?"